Isale na Mkono wa Kulia

Shemeji yangu alimkata mume wangu kwa panga Jumapili tumetoka ibadani, nguo za kanisa bado mwilini. Ilikuwa kihambani, kwenye migomba ya ukoo, penye masale ya mpaka aliyoyapanda baba yao. Mume wangu alikuta yameng'olewa, akamzaba mdogo wake kofi. Mdogo akaokota panga la kukatia ndizi. Pigo la kwanza lilipasua mkono wa kulia mpaka mfupa ukaonekana. La pili liliingia kwa ncha, chini ya kwapa.

Mama mkwe akajaza kidonda cha mkono unga wa kahawa, ndivyo tunavyozuia damu huku. Nikakaza kanga juu yake, tukampakia kwenye pikapu mpaka kituo cha afya. Daktari alikuwa ameshuka Moshi. Zamani tungeambiwa na sisi tushuke, na wapo waliofia njiani. Lakini sista mmoja wa hapo alishaenda kusoma tena, akarudi muuguzi bingwa wa dharura.

Wote tulikazana na mkono. Yeye alitazama shingo, mishipa imevimba, akagonga kifua, akachoma sindano nene juu ya ziwa. Hewa iliyonasa kifuani ikatoka kwa mlio kama tairi limetoboka. Mume wangu akavuta pumzi, akanitapikia. Nilimshukuru Mungu kwa yale matapishi.

Ndipo baba yao mdogo akaingia na vijana wa ukoo, wanamburuta shemeji. Walishampiga mawe, taya limehama, jicho halionekani. Walimleta amwone kaka yake akikata roho, halafu wammalizie. Sista akaagiza awekwe kitanda cha pili.

"Huyo mshone mdomo tu, asipige kelele," baba mdogo akasema, vijana wakacheka. Akamkamata shemeji mguu amtoe nje.

Mikono ya sista ilikuwa kifuani kwa mume wangu. Akanigeukia. "Mama, mlango."

Nilitamani kumkanyaga shemeji pale sakafuni, sitadanganya. Badala yake nilimvuta ndani kwa kola, nikawasukuma wengine nje, nikasimama mlangoni. Baba mdogo akanipiga ngumi ya mdomo. Nikatema jino.

"Nipige tena, baba," nikamwambia. "Hapa hupiti."

Alinipiga tena. Nikawa nasali kwa sauti na damu inanichuruzika kidevuni, mpaka polisi walipofika. Nyuma yangu sista alikuwa anamfungulia shemeji njia ya hewa.

Wote wawili wakapona. Shemeji alikuja kwetu na jani la isale, kama yale ya mpakani, taya limefungwa waya. Kwetu ukiletewa isale unasamehe. Lakini linapokelewa kwa mkono wa kulia, na vidole vya mume wangu vilikuwa havikunji. Akanyoosha wa kushoto, akaurudisha.

"Ngoja," akasema. "Nikilipokea hivi nitakuwa nimekutukana."

Mkono ulishonwa mjini, ila sista ndiye aliyekuwa anapanda kwetu kumfanyisha mazoezi. Alimpa donge la unga alikamue. Mume wangu alilia, akamtukana.

"Tukana, baba," sista alimjibu, "lakini kamua."

Shemeji aliporudi na isale lingine, vidole vilikunja. Vilikunja vibaya, vimepinda, lakini vililishika. Alilibana mpaka likakunjika, na hakuliachia hata tulipokaa kula.