Shangazi na Fundi wa Magodoro

Shangazi yangu alizalisha nusu ya mji wetu. Hadi leo akienda sokoni hufika jua limeshapanda, kwa salamu tu. Alipostaafu ukunga, kila ndugu alikuja na mpango wake wa kukitumia kiinua mgongo chake. Baba, mdogo wake wa mwisho, ndiye aliyepiga kelele kuliko wote.

"Dada, nunua kiwanja. Kiwanja hakiozi."

"Wala hakisemi asante," Shangazi akamjibu.

Sehemu kubwa ya fedha zake akaiweka kwenye mfuko unaokopesha kina mama wasio na dhamana ya kupeleka benki. Faida yake ilikuwa ndogo kuliko ya benki, na hilo alilijua. Baba akashika kichwa.

"Umemwaga maji mchangani!"

"Mdogo wangu, nimezalisha wanawake wengi waliorudi kulala sakafuni na vichanga vyao. Wakati ule sikuwa na cha kuwapa ila pole. Sasa ninacho."

Lakini kutoa si kufumba macho. Alimng'ang'ania afisa wa mikopo mpaka akampeleka kwa mkopaji mmoja: mjane, fundi wa magodoro, aliyefanya kazi uani nyuma ya gereji. Pamba ilikuwa imemjaa kichwani, utadhani mvi zimemvamia kwa siku moja. Mkopo ulimnunulia pamba kwa jumla. Shangazi akalikalia godoro moja, akadundadunda kama mtoto, akatangaza, "Hapa mtu anasahau madeni!" Fundi akacheka, na urafiki ukaanza hapohapo.

Mvua zilipokuja, upepo uling'oa bati la banda la fundi. Pamba yote ikalowa, ikaoza. Fundi akakwama kulipa, na afisa akamwambia atakuja kuchukua cherehani yake. Shangazi alipopata habari, alitoka na ndala za kuogea mpaka ofisini.

"Mwanangu, ukichukua cherehani, huyo mama atashona kwa kitu gani? Kwa meno?"

"Mama, ndio utaratibu. Wenye fedha wanataka fedha zao."

"Mwenye fedha si ndiye huyu hapa? Nimekwambia nazitaka?"

Afisa akakuna shingo. Alimweleza kwamba wawekezaji wako wengi, hawezi kuamua kwa neno la mmoja. Shangazi akakaa kwenye benchi kumsubiri meneja, hakubanduka. Mwishowe wakaelewana: fundi aongezewe muda, na Shangazi aisamehe faida yake ya mwaka ule.

Baba alimcheka mpaka majirani wakajua. "Mwekezaji wetu! Anawekeza hasara!"

Kicheko kilikatwa na mgongo. Godoro la Baba lilikuwa limebonyea kama bakuli, na asubuhi alikuwa akinyooka kwa awamu. Shangazi akamwelekeza kwa fundi. Alikwenda kwa shingo upande, akabishania bei mpaka sauti ikamkauka, na fundi hakupunguza hata senti. Usiku huo alilala kama gogo, akaamka wenzake tumeshakunywa chai.

Fundi alimaliza deni, akamwajiri wifi yake, akaezeka upya.

Jumapili moja Baba alikuwa anakoroga chai iliyokwisha korogwa.

"Dada, hivi faida ya ule mfuko wenu hutolewa mwezi gani?"

"Kwa nini?"

"Nauliza tu."

Kumbe mwenzetu alikuwa ameshaweka za kwake, kimyakimya. Shangazi hakumsuta. Alimsogezea sukari.