Mgongo Wazi wa Jumamosi

Mama hakuwahi kunisamehe kuolewa na Mkatoliki. Hakunitukana wala hakunifukuza. Alifanya jambo baya zaidi, alinyamaza. Tuliongea habari za mvua, za wajukuu, za majirani, lakini ndoa yangu aliiruka kama mtu anayeruka dimbwi njiani. Yeye alikuwa Msabato wa kuzaliwa, na kwake Jumamosi haikuwa siku ya kuchezewa. Ijumaa jua likizama, sufuria yake ya kukaangia ilifunikwa, na haikufunuliwa hadi jua la Jumamosi nalo lizame.

Sufuria hiyo ndiyo iliyotulea baada ya baba kufa. Mama aliuza mgongo wazi, yaani samaki wa ziwani aitwaye mbuta aliyekwisha kutolewa minofu kiwandani, akabaki kichwa, mkia na mfupa wa katikati. Miaka hiyo ya tisini minofu ya Homa Bay ilipanda ndege kwenda Ulaya. Mifupa ilitokea mlango wa nyuma, ambako akina mama walipanga mabeseni foleni tangu alfajiri. Waliikaanga wakaiuza, wengine pale pale mjini, mama yangu hadi soko la Uriri. Walaji husema nyama iliyo karibu na mfupa ndiyo tamu, na mimi niliyeonja minofu na mifupa nakubaliana nao.

Nami nilikuwa nimeajiriwa katika kiwanda hicho hicho, upande wa kupima na kupakia minofu. Jumamosi Wasabato walipumzika, kwa hiyo zamu ilituangukia sisi wengine, nami nilishahamia kanisa la mume wangu. Samaki hawana dini, na lori la Nairobi lilikuwa linawahi ndege ya Jumapili. Lakini siku hiyo nyuma ya kiwanda hakukuwa na foleni ya maana, kwani wengi wa akina mama wale nao walikuwa Wasabato. Yalikuwepo mabeseni machache tu, na mifupa ilirundikana hadi nzi wakaona ni sherehe yao. Jioni trekta iliibeba ikaenda kuitupa shimoni.

Basi wakubwa kutoka Nairobi waliamua kututembelea, na siku waliyochagua ikawa Jumamosi. Walizunguka nyuma wameziba pua kwa leso, wakauona ule mlima wa mifupa. Siku chache baadaye meneja wetu alitukusanya, akatuambia kwa furaha kwamba kiwanda hakitatupa kitu tena. Utaletwa mtambo wa kukausha na kusaga mabaki, yawe chakula cha kuku, na kila mfupa utaingia humo. Alieleza vizuri, na wazo lenyewe halikuwa baya. Hata mimi lile shimo lilinitia aibu. Lakini niliposikia "kila mfupa", niliacha kumsikiliza. Niliiona sufuria ya mama imefunikwa wiki nzima.

Nilimfuata ofisini. "Meneja, na wale wamama wa huko nyuma?"

"Wale hawamalizi mzigo," akasema. "Tuliona na macho yetu. Wakubwa wanarudi Jumamosi hii kuangalia mahali pa kuweka mashine."

Jumamosi tena. Nilijaribu kumweleza habari ya Sabato, akatikisa kichwa kama mtu asiyeamini kwamba kanisa linaweza kusimamisha biashara. Alikuwa mgeni kwetu, simlaumu sana.

Jioni nilienda kwa mama. Nilimweleza yote, kisha nikamwomba aje na wenzake Jumamosi hiyo moja tu, wakubwa waione foleni.

Alikuwa akigeuza samaki kwenye mafuta na hakuinua macho. "Nyathina," mwanangu, ndivyo alivyoniita siku zote, "Sabato si mali yangu, nitaigawaje?"

"Mama, watachukua kila kitu."

"Wachukue hizo siku sita. Hiyo moja hawaipati."

Nilikasirika nikaondoka bila kuaga. Njia nzima nilibishana naye peke yangu, na nilishinda kila hoja.

Hasira yangu ina faida moja: ikinipanda siogopi mtu. Ijumaa nilimnong'oneza mama mmoja kwenye foleni kwamba kesho mifupa itawangoja hadi Sabato ifungwe. Kwa mama yangu sikupeleka ujumbe. Nilikuwa bado nimenuna. Jumamosi asubuhi nilimwambia fundi wa barafu aniletee vipande vyote vilivyovunjika, vile alivyozoea kuvifagia nje. Wakataji niliwaambia wasiangushe mifupa sakafuni, waitie kwenye kreti. Wakauliza amri imetoka kwa nani. Nikawajibu wafanye kazi. Tulipanga tabaka la mifupa na tabaka la barafu kwenye kivuli cha ukuta. Ngozi na matumbo tuliviweka kando, maana hivyo hata mama hakuwahi kuvitaka.

Wakubwa walifika alasiri. Meneja aliziona zile kreti, akanitazama vibaya.

"Hii yote ni ya nini?"

"Ina wenyewe. Wanakuja jua likizama."

"Na wasipokuja?"

"Nitaipeleka shimoni mwenyewe."

Mkubwa mmoja, mzee mpole mwenye kikohozi, akasema watangoja, kwani hata chai haijaletwa. Nikasimama pale nikilitazama jua, na nakiri sijawahi kuomba hivyo hata kanisani. Lilizama. Lango lilikuwa tupu. Meneja alianza kukohoa na yeye, ingawa hakuwa na kikohozi.

Kisha wakatokea. Walitoka moja kwa moja kwenye ibada ya kufunga Sabato, wengine bado na nguo nyeupe za kwaya, leso zimefungwa juu yake na mabeseni vichwani. Aliyetangulia alikuwa mama yangu. Hakunisalimia. Alilitua beseni lake mbele ya kreti ya kwanza kama siku yoyote, na foleni ikajipanga nyuma yake hadi nje ya lango. Kreti ziliisha kabla foleni haijaisha.

"Kumbe tulikuja siku ambayo wenyewe hawapo," yule mzee akasema, na meneja akawa anasoma viatu vyake.

Mtambo ulikuja, mdogo kuliko uliopangwa, ukawa unakula ngozi na matumbo. Mifupa ilibaki ya mabeseni. Na meneja alijifunza kweli, lazima niseme. Kila Jumatatu alikaa na wakataji, fundi wa barafu na akina mama wawili kutoka foleni, na kabla ya kubadili chochote aliuliza kwanza kinakwenda wapi na kwa nani. Hapo ndipo tulipopata kibanda chenye paa huko nyuma, na maji safi ya kuoshea. Shimo likafukiwa, likaota nyasi.

Mimi nilipewa kazi ya kuangalia mabaki, na Jumamosi zote zikawa zangu. Mama alipokuwa kanisani, mimi nilikuwa nikiiwekea mifupa yake barafu.

Jioni moja nilipokuwa nikimjazia beseni, aliinua macho akanitazama. "Sasa nimejua kwa nini Mungu alikuacha uolewe huko," akasema. "Lazima awepo mtu wa kufanya kazi Jumamosi."

Alicheka. Nilimtwisha beseni. Alipiga hatua chache, akageuka polepole ili mzigo usimwagike, akaniuliza kama mume wangu hajambo.