Mama Kalaba na Sehemu ya Saba

Mama Kalaba ana miaka sitini na minane, na kwa miaka arobaini na miwili ameuza samaki wakavu wa kutoka ziwani Pweto mahali pale pale sokoni kwetu, meza ya tatu kutoka bomba la maji. Mumewe, marehemu Léonard, alikuwa mfanyakazi wa reli. Watoto wao watano wote walisoma. Macho ya mama yameanza kufifia, lakini sauti yake bado inafika mpaka kwa wauza makaa. Mimi huandikia watu barua na kuwajazia fomu kwenye meza inayotazamana na yake, kwa hiyo haya nimeyaandika siku zile zile yalipotokea.

Jumanne, tarehe 25 Februari 2025, mjukuu wake Syntiche alimwekea kwenye simu kitabu cha kusikiliza. Ni maisha ya Guelord, mchekeshaji aliyezaliwa mtaani kwetu na ambaye sasa anajaza kumbi huko Kinshasa. Anakisoma mwenyewe, sehemu kumi na moja. Syntiche alimtia bibi yake waya masikioni, akamwonyesha kitufe kimoja tu.

Mama Kalaba hakujua kwamba mwenye waya masikioni hunyamaza. Alikuwa anamjibu Guelord kwa sauti yote.

“Muongo! Baba yako hakukuwa na velo! Alikuwa anatembea na miguu!”

Mteja aliyekuwa anauliza bei aliruka. Mwingine alidhani anaitwa muongo yeye, akarudisha samaki mezani na kwenda zake amenuna.

Alichokuwa akikingoja mama tulikijua sote. Zamani, Guelord akiwa na miaka tisa, bwana mmoja mwenye suti alikuja sokoni akanusa samaki wa Mama Kalaba mmoja baada ya mwingine, kama ishirini hivi, akikunja pua. Mama alitoka nyuma ya meza. Akamnusa yule bwana kola, akamnusa kwapa, akainama akamnusa kiatu. Kisha akawageukia watu, akasema: “Uyu alishaoza. Muniletee mwingine.” Guelord alicheka mpaka akaanguka kwenye maji ya bomba. Kisa kama hicho hakiwezi kukosa kitabuni.

Kilikuwa sehemu ya saba. Alhamisi tarehe 6 Machi mama alituita, akachomoa waya ili simu iseme wazi. Guelord alisimulia vizuri, suti, kola, kwapa, kiatu, kila kitu. Kisha akasema, kwa Kiswahili chetu ambacho “njo” ni “ndiye”: “Ule mama, bandugu, njo mwalimu wangu wa kwanza. Jina yake, Mama Delphine.”

Sote tulimgeukia mama.

“Delphine?” Mama Kalaba aliuliza simu. “Delphine wa samaki ya friji? Ile samaki yake haina hata harufu ya kunusa!”

Akaenda. Nikamfuata. Mama Delphine, mstari wa nyuma yetu, alianza kucheka kabla hatujafika.

“Kumbe ulisikia?”

“Delphine, uliiba kisa yangu!”

“Niliiba nini? Bantu ya Guelord balinitelefonia. Yeye Guelord anakumbuka ule mama, jina hakumbuke. Baliuliza ni nani alinusa ule papa wa suti. Nikasema ni miye. Weye uko wa mamba, miye niko wa samaki. Basi kasirika sasa, tuone!”

Hapo Mama Kalaba hakuwa na ruhusa ya kukasirika. Yeye ni wa ukoo wa mamba, Delphine wa ukoo wa samaki, na watu wa koo hizi mbili ni banungwe. Wanatukanana wakicheka, wanachukuliana vitu bila kuomba, hata msibani, na anayekasirika ndiye mwenye kosa. Alicheka basi, kwa meno tu. Wiki nzima hakugusa simu.

“Zéphirin,” aliniambia siku moja, “nitakufa, na bajukulu bangu batabakia kusikia ile simu inasema Delphine.”

Nilichonga kalamu.

Ndipo Mama Delphine akapata mwaliko. Guelord anakuja hoteli ya Karavia kuonyesha kitabu chake, Jumapili tarehe 16, na Mama Delphine atakaa mstari wa kwanza, ataitwa jukwaani. Alituletea barua yenyewe tuishike, pamoja na kikwembe kipya cha kitenge alichoshonesha kwa ajili ya siku hiyo. Mama Kalaba alimpongeza kwa upole mwingi. Upole ule ulipaswa kunishtua, kwa kuwa sijamwona nao hata kanisani.

Jumapili nilikaa na Mama Kalaba mstari wa tano, kwa tiketi tulizonunua wenyewe. Saa kumi kasoro robo alasiri Guelord alisema, “Sasa namwita mwalimu wangu, Mama Delphine!” Mama Delphine alikuwa amevua viatu vipya vilivyombana, akainama kuvitafuta chini ya kiti. Alipopata kimoja, Mama Kalaba alikuwa ameshapanda ngazi.

“Weye njo Mama Delphine?” Guelord aliuliza.

“Si ulisema mwenyewe kwa kitabu?”

Akamsogelea. Akamnusa kola. Akamnusa kwapa. Akaonyesha kiatu kwa kidole, na Guelord, mtu mzima mwenye koti la kung'aa, akainua mguu. Akaunusa. Kisha akaugeukia ukumbi:

“Uyu alishaoza. Muniletee mwingine!”

Watu walianguka mabegani mwa majirani. Guelord peke yake hakucheka. Alishika mdomo kwa mikono miwili.

“Ile sauti!” alisema. “Bandugu, njo yeye! Ni Mama Delphine mwenyewe!”

Ukumbi mzima ukaanza kupiga makofi na kuimba, “Delphine! Delphine!” Mama Kalaba aliinamisha kichwa kwa adabu, kulia, kisha kushoto, wala hakusahihisha neno.

Hilo Mama Delphine hakuliweza. Alisimama na kiatu mkononi.

“Apana! Delphine iko miye! Ule ni Kalaba! Kalaba wa samaki ya Pweto, meza ya tatu!”

“Nani?” Guelord aliuliza, akamteremshia maikrofoni.

“Kalaba! Njo yeye alinusa ule papa! Miye sijanusa muntu!”

Hakuishia hapo. Nilihesabu: alilitaja jina hilo mara saba, mbele ya kamera mbili na simu nisizoweza kuhesabu. Guelord alitoa kalamu mfukoni, akaomba atajiwe tena polepole, apate kuliandika na kwenda kuisoma na kuirekodi upya ile sehemu ya saba. Mama Delphine akamtajia.