Mabomba Yaliyogoma Kukua

Mtafiti alimkuta mgeni wake stendi, ameketi juu ya begi, hajui kaskazini wala kusini. Mgeni huyo alikuwa mwandishi wa safari, ameitwa kuandika habari za ugunduzi wa maabara.

"Ugunduzi wa nani, mama?" aliuliza garini.

"Wa shemeji yangu," alijibu, akakanyaga mafuta.

Miaka yote ya ndoa yake mtafiti alikuwa amechungulia seli kwa darubini, akaona utando wa ndani unavyojinyoosha kuwa mabomba membamba, haya yakikatika, yale yakichipua. Ndiye aliyeipata protini inayojichomeka upande mmoja wa utando kama kabari, utando ukapinda kuwa bomba. Kaka wa mumewe, mkuu wa maabara, akaitangaza kwa jina lake peke yake. Mtafiti alipolalamika, mkuu alimjibu mezani mbele ya mama mkwe: "Shemeji, vya familia havina mwenyewe." Kinyongo hicho akakilea.

Siku hiyo mkuu alikuwa ameahidi kuwaonyesha mgeni na wafadhili mabomba yakikua. Katika chumba cha darubini kiyoyozi kilivuma. Mkuu hakujua kukaa bila baridi. Lakini seli zikipoa, nyuzi za ndani yake zinazoyavuta mabomba hulegea. Ndiyo maana mtafiti aliunda kipasha joto cha kuvalisha darubini, na asubuhi hiyo alikuwa amekivua, akakitia mkobani.

Mgeni akainama kwenye lenzi. "Naona wavu tu, umelala."

"Utaamka sasa hivi," mkuu alisema, jasho likimtoka na baridi yote ile. Akamvuta mtafiti kando. "Shemeji, kile kidude chako kiko wapi?"

"Changu? Kumbe kina mwenyewe!"

"Acha utani, watu wanatazama."

"Si ndiyo vizuri? Waambie kwa sauti mabomba haya kayagundua nani, nikupe."

Mkuu akawatazama wafadhili, kisha viatu vyake. "Tutaongea nyumbani."

"Nyumbani tulishaongea."

"Mbona yanarudi nyuma?" mgeni akauliza, jicho bado kwenye lenzi. Ncha za mabomba zilikuwa zinanywea, moja baada ya nyingine. Mfadhili mmoja akakohoa. Mkuu akaanza sentensi, akaiacha njiani, akaanza nyingine.

Mtafiti alisikiliza mpaka sentensi ya tatu. Kisasi kilikuwa kitamu kuliko alivyotarajia, na hakuona aibu. Akatundika mkoba begani, akatoka, akimwacha mgeni pale kwenye darubini, bado anarudia swali lake.