Mapigo Hamsini kwa Sekunde

Watu huniita Masikio, na kwa miaka ishirini na saba jina hilo nimelivaa kwa maringo. Mimi ni fundi wa redio na amplifaya. Zamani mteja alikuwa hajafika hata mlangoni, redio inakoroma mkononi mwake, nami namwambia kutoka kwenye kiti kwamba hiyo ni kapasita, kile kikopo kidogo cha kutunza umeme. Kufungua nilifungua tu ili asione kwamba analipia uvivu. Kwa hiyo msishangae nikisema kichwa kilikuwa kimevimba mpaka kofia zinabana.

Aliyekuja kukipunguza ni mwalimu wa kwaya. Alileta amplifaya ya shule yake, nikaitengeneza, akairudisha. Alisema ndani kuna kitu kinalia kama mbu. Nikaiwasha, nikainamisha sikio, nikasikia kimya safi, nikamkabidhi. Akaja tena na mbu wake. Mara ya tatu nilimwambia, kwa heshima ile ya mtu anayetukana, kwamba walimu wa kuimba huchoka masikio kwa kelele za watoto, apumzike kidogo. Hakukasirika. Alisema anaiacha hadi mwisho wa mwezi, na kama mbu bado yumo, ataipeleka kwa fundi wa stendi, pamoja na kazi nyingine zote za shule. Kazi za shule ile ni nusu ya kazi zangu. Lakini kilichoniuma zaidi ni yule fundi wa stendi, maana nimekuwa nikimsema kwa kila mteja kwamba ana mikono ya kuchimbia mashimo.

Nikaamua kutafuta ushahidi wa kumnyamazisha mwalimu. Chuo cha ufundi kilikuwa kinaondoa vifaa vyake vya zamani, na mtunza stoo akaniambia kuna osiloskopu, mashine ya kupimia umeme kwa macho. Niliwahi kuiona picha yake kitabuni nikiwa mwanafunzi, nikauruka ukurasa ule kwa kuwa mtihani haukuuliza. Mtunza stoo hakutaka fedha, alitaka redio nzuri ya kumliwaza kazini. Redio nzuri niliyokuwa nayo ilikuwa moja tu, ilikaa jikoni, na ilikuwa ya mke wangu.

Nilirudi nimekumbatia sanduku la chuma, zito ajabu, lenye kioo kidogo cha duara na vitufe vya kuzungusha ishirini na kitu, maandishi yamefutika nusu. Mke wangu aliliangalia akauliza linashika stesheni gani. Nikamwambia halishiki stesheni, linapima. Akauliza linapima nini. Hapo nikajifanya nimeitwa nje.

Kwa siku nne nilipata nukta moja ya kijani katikati ya kioo. Niliizungushia kila kitufe. Ikapanda, ikashuka, ikanenepa, ikakonda. Siku ya tano nikagusa kitufe nilichodhani ni cha mapambo, na nukta ikanyooka ikawa mstari. Jirani yangu mshona viatu, aliyekuwa anachungulia mlangoni, akasema kwa huzuni ya kweli, "Huyo amekwisha." Mashine ya namna hiyo alikuwa ameiona hospitali.

Ningemsahihisha, lakini ningemsahihisha kwa kujua nini? Katika kubabaika nikashika ncha ya waya wa kupimia, na mstari ukaanza kucheza mawimbi mazuri, yote sawasawa. Mshona viatu akanipongeza kwa kuwa hai. Kesho yake mtaa mzima ulijua kwamba Masikio ana mashine ya kupima moyo. Shangazi wa mke wangu alikuja amevaa gauni la kwendea kwa watu, akaketi, akashika ncha, akafumba macho. Nilipaswa kusema sijui. Nikasema moyo wake ni mzuri. Nikapima watu kumi na mmoja, na wote walikuwa na moyo uleule mmoja. Hata hilo halikunishtua. Nilidhani tunaishi mahali penye afya.

Aliyeniumbua ni shangazi huyohuyo. Aliuliza moyo wake unapiga mara ngapi. Nikarudi kwenye kitabu, kwenye ukurasa niliouruka, na ndipo nikaelewa. Ile nukta hutembea kushoto kwenda kulia kwa mwendo unaoupanga wewe, na umeme ndio unaoisukuma juu na chini. Ni kama kuchora mstari ukutani huku mtu anakutikisa mkono: kutembea kwako ni muda, kutikiswa ndiko umeme. Ukijua mwendo, unahesabu. Nikahesabu moyo wa shangazi, nikapata mara hamsini kwa sekunde.

Moyo wa namna hiyo ungekuwa umeshapasuka. Mara hamsini kwa sekunde ni umeme wa nyaya za ukutani, ambao mwili wa mtu huunasa kama antena. Nilikuwa nimepima taa za mtaa ndani ya shangazi. Nilipita nyumba kwa nyumba kuomba radhi na kuwaambia waende hospitali. Shangazi alisema si neno, kwani tangu nimpime mgongo umepungua kuuma.

Sasa mashine nilikuwa naijua, na mwisho wa mwezi ulikuwa keshokutwa. Nikaiwasha amplifaya ya mwalimu bila wimbo wowote, nikaweka ncha kwenye nyaya za spika. Maneno nilishayaandaa: Mwalimu, tazama mwenyewe, mstari umenyooka.

Haukunyooka. Ulijaa vijiwimbi vyembamba vilivyobanana. Nikahesabu: elfu sita kwa sekunde. Nikabandika sikio kwenye spika. Kimya. Nikazima, nikawasha. Vijiwimbi vipo, na kimya kipo. Nikakata shauri kwamba mashine ni mbovu na mtunza stoo amejipatia redio ya bure.

Mke wangu alikuwa anaanika nguo uani, nje ya dirisha langu. Akasema, kwa sauti yake kubwa ya siku hizi, "Zima hicho kinacholia, kinanitoboa kichwa."

Nikamwita ndani. Alisema anasikia filimbi nyembamba. Nikazima, akasema imekatika. Nikawasha, akasema hiyo hapo. Nikakigeuza kioo asikione, nikarudia mara sita, na mara zote sita yeye na mashine walikubaliana. Aliyekuwa peke yake ni mimi. Nikakaa juu ya ndoo. Masikio hasikii. Mashine niliyoileta impime mwalimu ilikuwa imenipima mimi.

"Umejua tangu lini?" nikamuuliza.

"Mwaka wa pili huu. Nakuita kutoka jikoni, huitiki."

Hapa lazima niungame. Kwa miaka hiyo miwili nimekuwa nikiwaambia wanaume wenzangu kwamba mke wangu amekuwa mkali, kwamba hana tena sauti ya chini. Nilikuwa namwigiza, wakivunjika mbavu. Nikamwambia, "Mimi nilidhani umenichoka, ndiyo maana unafoka."

Alikiegemeza kikapu cha nguo kiunoni, akanitazama. "Nilikuwa napaza ili usikie," alisema. "Hata koo linaniuma."

Niliona aibu kuliko siku ya mioyo kumi na mmoja, na nililia bila kujificha. Kisha tukaitengeneza amplifaya pamoja, mimi nikivitazama vijiwimbi, yeye akisikiliza, mpaka wote wawili tukasema vimekwisha. Ilikuwa kapasita. Mwalimu alipokuja nilimweleza yote, na kwamba masikio yake hayana kasoro. Kazi za shule ameniachia, ila sasa kabla ya kupokea chombo chake humsalimia kwanza mke wangu na kumuuliza kama kinalia.

Redio ya jikoni nimemtafutia nyingine. Yeye hapazi sauti tena. Akinitaka huja hadi mezani, ananigusa bega, anasubiri nimgeukie, ndipo anaposema kwa ile sauti yake ya zamani. Nusu naisikia, nusu naisoma midomoni. Mara nyingi ni kuniambia tu kwamba maji ya kuoga yamechemka.