Nilinyonyesha Mikono Nyuma

Wahenga walisema pilipili usiyoila yakuwashiani. Walisema hivyo kwa sababu hawakumwona mwanangu wa pili, aliyewashwa na pilipili kabla hajaota hata jino moja.

Nilikuwa kibarua katika ghala la viungo huko viwandani, ng'ambo ya reli. Miaka hiyo ya tisini tuliishi Mbotela, chumba kimoja cha kanjo, yaani baraza la jiji, mimi na binti yangu wa miaka minane na huyo kitinda mimba aliyekuwa bado mwekundu wa kuzaliwa. Baba yao alikuwa utingo wa lori la Malaba, na lori lile lilipenda kuharibika kuliko kutembea, kwa hiyo tulimwona kwa msimu kama embe. Kila alfajiri nilivuka reli kwa miguu na kusimama langoni nikingoja nyapara aninyooshee kidole. Akikunyooshea, unaingia. Asipokunyooshea, unarudi nyumbani ukafue nguo ambazo tayari ni safi.

Kazi yenyewe ilikuwa kuchambua pilipili kavu. Gunia linamwagwa chini, wanawake tunakaa kulizunguka, leso puani, tunakata vikonyo kwa kucha na kutupa zilizooza. Hakuna glavu. Kutwa nzima unashika pilipili, na jioni mikono imevimba, imechanika kwenye viungo vya vidole, inawaka moto hata ukiitia kwenye maji baridi. Tulizoea. Mtu huzoea, na hapo ndipo penye ubaya.

Kibarua hana likizo ya uzazi. Akijifungua, amejifungua, na akirudi na kukuta nafasi yake ina mwenyewe, shauri yake. Mimi nilirudi mtoto akiwa na wiki tano.

"Arobaini hujamaliza!" alinipigia kelele Bibi. Huyu Bibi hakuwa bibi yangu wa damu. Alikuwa jirani wa mlango wa pili, mama mtu mzima mzaliwa wa Pwani, mjane, Muislamu wa swala tano, na asubuhi aliuza mahamri na mbaazi pale nje. Mimi Mluhya wa kanisani, yeye Mswahili wa msikitini, na sijawahi kupata mama mwingine mjini zaidi yake. Nilimwambia arobaini haitii unga sufuriani. Akasonya, akamchukua mtoto, akamfunga mgongoni. Nilipotaja malipo ya kumlea, akaniuliza kama nimechanganyikiwa.

Jioni ya kwanza niliporudi nilinawa kwa sabuni mara tatu. Nikakaa kitandani, nikashika titi kwa vidole viwili kama anavyofanya kila mama duniani, nikamtia mtoto mdomoni. Alivuta mara mbili. Halafu akalia. Jamani, kilio kile! Midomo ilivimba, uso ukawa mwekundu, na mimi mjinga nikawa nampangusa machozi kwa mikono ileile. Bibi ndiye aliyekuja mbio akaninyang'anya mtoto.

"Maji hayatoi pilipili, mwanangu," aliniambia baadaye, tulipokwisha kumtuliza. "Yanaitembeza tu."

Akanifundisha. Kwanza mafuta ya nazi, unasugua mpaka kwenye kucha. Kisha sabuni. Kisha maziwa, ukiwa nayo. Kisha sabuni tena. Ilisaidia, lakini haikumaliza, kwa sababu pilipili ilikuwa imeingia kwenye michaniko ya ngozi na kukaa humo kama mpangaji. Basi Bibi akatoa amri: nisimguse mtoto kabisa. Nitaoga, nitavaa leso safi, nitakaa kitandani, na mikono yangu itakaa nyuma. Binti yangu atapiga magoti ampakate mdogo wake, na Bibi mwenyewe atalishika titi.

"Mikono nyuma!" aliagiza kila jioni, kwa sauti ya askari.

Ndivyo nilivyonyonyesha. Titi langu, mtoto wangu, na mimi mikono nyuma kama mtu aliyekamatwa na askari wa kanjo akiuza nyanya bila leseni. Mwanzo tulicheka. Binti yangu, mtoto mkimya tangu kuzaliwa, alikuwa akimshika mdogo wake kwa uangalifu mpaka ulimi unamtoka nje. Lakini mtoto naye alikuwa amekwisha kunijua. Akisikia harufu yangu tu, anageuza uso. Anavuta kidogo, anaacha, anaanza kulia kabla hata hajaumia. Mtoto wangu aliniogopa. Siwezi kulisema kwa namna nyingine.

Kliniki, muuguzi alimweka kwenye mizani, akatazama kadi, akachora nukta chini ya nukta ya mwezi uliopita.

"Mama, mwezi ujao uzito usipopanda, tunamlaza."

Nikamweleza habari ya pilipili. Akaniambia kwa upole niache kazi hiyo. Nilimwangalia. Alikuwa msichana mzuri, mwenye huruma, na sikutaka kumkosea adabu, lakini nilitaka sana kumuuliza huyo mkubwa naye atanyonya nini.

Kwa hiyo nilikwenda kwa nyapara. Nilisimama mbele yake na wenzangu wakisikiliza, nikamwomba glavu. Si za wote, jozi moja tu, nina mtoto wa kunyonya.

"Kwani nyumbani ukipika unavaa glavu?" akaniuliza. "Hiyo ni kiungo, mama, si sumu."

Wanawake wakacheka. Na mimi nikacheka, ili nisilie. Nimewahi kujidharau mara chache maishani, na siku ile ni mojawapo.

Zikabaki wiki tatu kufika kliniki. Ndipo nyapara akatutangazia kwamba kesho tajiri mwenye ghala anakuja na mgeni, mnunuzi mkubwa kutoka Mombasa. Tufunge leso safi. Tufagie. "Na mgeni akiingia, msalimieni vizuri. Sitaki sura za kununa."

"Tumsalimie tu, ama tumpigie na vigelegele?" akauliza msichana mmoja mwenzetu, mzaliwa wa Makadara, mdomo wake haukuwa na kufuli. Nyapara akajifanya hakusikia.

Mgeni akaja. Alikuwa mzee wa makamo, kofia nyeupe ya kushonwa kwa mkono, mtu wa adabu zake, unaona tu alivyokanyaga. Mimi nilikuwa nimekaa karibu na mlango. Sasa kwetu, magharibi, hatusalimiani kwa mdomo mtupu. Mtu akikusalimu kwa mbali unajiuliza kama amekuona una upele. Nikasimama, nikafuta mkono kwenye sketi, nikamnyooshea wa kulia huku wa kushoto umeshika kiwiko, kama nilivyofundishwa na mama yangu.

"Karibu, mzee."

Akaupokea kwa mikono yake miwili. "Ahsante, mama. Habari za kazi?"

Wenzangu wakaona, wakasimama mmoja mmoja. Alimsalimu kila mwanamke mle ndani, kwa mikono miwili, bila kuruka mtu, na kila mmoja alimuuliza habari za watoto. Tajiri alikuwa nyuma yake, mikono mfukoni. Nyapara alikuwa amekumbatia daftari lake kifuani kwa mikono yote miwili, amelibana kama linataka kutoroka.

Nikaitazama ile mifuko ya tajiri. Nikalitazama lile daftari. Kumbe! Walijua. Siku zote walijua.

Mle ndani palikuwa na joto, mabati matupu juu ya vichwa vyetu. Mzee akaanza kutoka jasho. Na hapa nataka kusema jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu. Miaka yote hii watu wakinitania kuhusu siku ile, nimejibu kwamba nilikuwa nasalimu tu, sikulelewa kumpita mgeni. Ni kweli. Salamu ilikuwa salamu. Lakini nilimwona akiinua mkono kuelekea usoni. Nilikuwa na nafasi ya kusema, mzee, ngoja. Nilimfikiria mwanangu akigeuza uso, nikanyamaza. Mungu anisamehe, na yule mzee pia.

Alijipangusa paji la uso, akashuka mpaka macho yote mawili.

"Yarabi!" Akainama. Kofia ikaanguka.

Tajiri akaanza kufoka, nyapara akaja mbio na ndoo ya maji. "Weh! Usimpe maji!" nilipiga kelele, na hata mimi nilishangaa sauti ile ilitoka wapi. Nikakimbia kwa mama wa kibanda cha chai pale nje, nikarudi na kikombe cha maziwa, mafuta ya kupikia kwenye kifuniko na kipande cha sabuni. Nikamkalisha mzee juu ya gunia. Nikamwelekeza hatua kwa hatua, kama Bibi: mafuta mikononi, sugua, bado, kwenye kucha pia, sasa sabuni. Chovya leso yako kwenye maziwa, jiwekee machoni, usisugue. Alinitii kama mtoto. Baada ya muda akafungua jicho moja, jekundu kama nyanya, akanitazama nimesimama mbele yake.

"Mbona mikono umeiweka nyuma, mama?"

Sikujua kama nilikuwa nimeiweka. Nikaiona mwenyewe ndipo nikacheka kidogo.

"Mazoea, mzee. Ndivyo ninavyonyonyesha."

Akaniuliza maana yake nini, nikamwambia. Sikuongeza chumvi. Nilimwambia wiki tano, nilimwambia midomo ilivimba, nilimwambia nukta ya kliniki. Mzee aligeuka akamtazama tajiri usoni, kisha akaitazama mifuko ya suruali ya tajiri, akakaa hapo akiitazama mpaka yule bwana akaitoa mikono yake nje.

Glavu zilikuja wiki ile ile. Za mpira, za manjano, kubwa za kumtosha bondia. Nilizionea langoni tu, kwa sababu asubuhi ile nyapara alinyoosha kidole, wewe, na wewe, na wewe, akaniruka. Kesho yake akaniruka. Kesho kutwa akaniruka. Hakunifukuza. Kibarua hafukuzwi, haitwi tu. Hakuna barua, hakuna neno, hakuna mtu wa kumuuliza. Siku hizi nasikia redioni watu wakizungumza juu ya kazi zenye heshima na ulinzi wa wafanyakazi, na mimi huwa nawaambia hao walio ndani ya redio: anzeni na kile kidole.

Siku ya tatu nilirudi nyumbani na hasira. Nilikaa kwenye ngazi ya Bibi nikalia mbele ya wateja wake wa mahamri. Ijumaa wenzangu walipita wakaniletea pakiti za unga, na yule wa Makadara akanipungia mkono wake laini.

"Mathee, usijali. Hizi glavu ni zako. Sisi tumeziazima tu kwako."

Nilimtukana kidogo, kwa mapenzi. Walirudi Ijumaa iliyofuata, na nyingine, mpaka nilipopata kazi ya kufua nguo za watu kule Komarock, umbali wa kukuua kwa miguu lakini sabuni haichomi.

Mikono nayo, ikikosa pilipili, ilianza kupoa. Ngozi ilibambuka vipande vipande. Siku moja mchana Bibi akaja chumbani, akanishika kiganja, akakinusa. Halafu, bila kuniuliza, akatia kidole changu mdomoni. Akalamba cha pili. Akalamba vyote kumi, taratibu, amefumba macho kama anayeonja mchuzi. Wanasema mkono mtupu haulambwi. Bibi aliulamba wangu, na hapakuwa na mkono mtupu kuliko huo Mbotela nzima.

"Haya," akasema. "Mpe."

Sikuthubutu. Alinipa mtoto mwenyewe. Nikashika titi kwa vidole viwili. Mtoto akageuza uso, kama kawaida yake, na nikasema moyoni, basi, nimempoteza huyu. Kisha akarudi polepole. Akagusa kwa mdomo, akaacha, akanitazama. Akashika. Alinyonya mpaka jasho likamtoka kwenye pua, na mimi nilikuwa nalia, Bibi analia, anajifanya ni vitunguu, na chumbani hamkuwa na kitunguu hata kimoja. Kliniki, nukta ilipanda. Muuguzi alichora, akanionyesha, akanikumbatia.

Ningeweza kuishia hapo. Kwa miaka mingi nilipohadithia niliishia hapo.

Lakini jioni ile ya kliniki nilimwita binti yangu nimsuke nywele. Tangu nianze kazi ya pilipili, na huo ni muda mrefu kabla ya mdogo wake kuzaliwa, alikuwa akisukwa na Bibi. Alikuja, akakaa chini kati ya magoti yangu. Alikuwa na chembe ya ugali shavuni. Nikamgeuza uso, nikanyoosha mkono nimpanguse.

Akafumba macho. Aliyabana kwa nguvu, akafunga na mdomo, akazuia pumzi, akatulia tuli akingoja ipite. Hakuna aliyemfundisha. Alikuwa amejifundisha mwenyewe, sijui tangu lini, na hakuwahi kulia hata mara moja, ndiyo maana sikuwahi kuona.

Mkono wangu ukabaki hewani. Nikauweka shavuni kwake, mzima mzima, nikauacha hapo.

"Fungua macho, mama," nikamwambia. "Hauwashi tena."

Akafungua moja kwanza.