Namba Moja wa Kilo Hamsini na Sita

Liste ya wapiganaji ilibandikwa kwenye mlango wa sali yetu ya mazoezi, Kalundu, bandarini Uvira, Jumatatu asubuhi. Kufika saa nne nilikuwa nimeisoma mara sita. Wanawake, kilo hamsini na sita. Namba moja: dada mmoja wa Makobola. Namba mbili: mimi.

Niliupiga ule mlango teke, na sioni aibu kuandika hivyo. Huyo dada wa Makobola mimi nilimshinda! Nilimshinda hapa hapa Kalundu, mbele ya wabeba mizigo wa bandari na mama zetu wauza samaki wa ndagala, watu wamejaa hadi madirishani. Lakini siku ile kuran ya umeme ilikatika, telefone ya aliyekuwa anapiga video, iliyokuwa inaishi kwa waya wa chaji tu, ikazimika, na ile komite ya Bukavu inayopanga wapiganaji wa MMA (ngumi, mateke na mieleka pamoja) wa provensi nzima ina sheria moja: pambano lisilo na video halikufanyika. Kocha wetu aliwapelekea karatasi ya mwamuzi. Wakamjibu kwamba karatasi kila mtu anaweza kuandika. Wenzetu wa Bukavu wana video hata za kuruka kamba, na sisi wa huku ziwani tuonekane tumelala tu!

Na namba moja ndiye angeitwa Bukavu kupigania ubingwa wa provensi. Miaka minne nilibeba mabeseni ya samaki asubuhi na kupiga mateke jioni nikiingojea nafasi hiyo. Nilitaka kulia, nikaona afadhali nitukane.

Kocha aliniacha nimalize matusi yangu. Kisha akasema, "Ijumaa komite inashuka Uvira kusikiliza malalamiko. Yule dada akija mwenyewe kusema alishindwa, hawana tena la kusema."

"Aje kusema vile juu ya nini? Iko kichaa?"

"Uende umuulize."

Kesho yake nilipanda moto, pikipiki ya abiria, hadi Makobola. Njia nzima nilikuwa nikipanga maneno, makali yote. Nilimkuta nyuma ya nyumba yao anatwanga majani ya sombe kwa mkono mmoja, mchi unapanda na kushuka bila haraka. Nikajisemea, tazama anavyojionyesha. Sikukaa kwenye kiti alichonionyesha. Nilimwaga yote nimesimama: liste, video, miaka yangu minne, haki yangu. Yeye aliendelea kutwanga mpaka nikaishiwa.

Kisha akaweka mchi chini, akajifuta kiganja kwenye kitenge, akanyoosha mikono yote miwili mbele yangu. Wa kulia ulinyooka. Wa kushoto ulifika katikati ukagoma, kama mlango uliowekewa gunia kwa nyuma.

"Iko vile tangu siku ile," akasema.

"Pole." Neno lilinitoka kavu.

"Sitaki pole. Niligonga. Niligonga mara ngapi, dada?"

Kwa asiyejua: katika mchezo wetu, ukikamatwa mkono ukavutwa mpaka huwezi tena, unamgonga mwenzako au unagonga tapi, mkeka wa kupigania, na yeye lazima akuachilie pale pale. Hicho tu ndicho kinachotutenganisha na watu wanaopigana njiani. Siku ile kelele zilikuwa nyingi na mwamuzi alikuwa upande wa mgongo wangu. Kila mtu aliniambia baadaye kwamba hakuna ambaye angeweza kusikia. Nami niliitikia, ndiyo, kelele zilikuwa nyingi.

"Minye sikugonga tapi," akasema. "Nilikugonga weye. Ku paja."

Mama yake alipita na ndoo ya maji, tukasalimiana vizuri kabisa, tukangoja aingie ndani.

"Yeye anafikiri iko kuvimba tu, itapona," akasema kwa sauti ndogo. "Kupigana kwangu kumeisha. Hiyo nafasi ya Bukavu sina cha kuifanyia. Ijumaa nitakuja, nitasema ulinishinda, kwa sababu iko kweli, mkono ulikuwa umeshaukamata. Na weye utasema ulisikia. Ni ile tu."

Akachukua mchi wake.

Jumatano na Alhamisi nilipiga gunia la mazoezi mpaka ugoko ukavimba. Kocha sikumwambia kitu. Kichwani nilikuwa na wazo moja, linarudi na kurudi: nani atajua? Na yeye pia hana video. Ile sheria niliyoitukana tangu Jumatatu, sasa ndiyo ilikuwa inanificha. Nilijichukia, lakini nililishika wazo lile kwa mikono miwili.

Ijumaa tulikutana katika darasa la shule fulani mjini. Wazee watatu wa komite walikaa nyuma ya meza ya mwalimu, sisi kwenye madawati. Watu wa Kalundu walijaa ukuta mzima wa nyuma. Dada wa Makobola alikuja na blauzi nyeupe ya mikono mirefu. Alipoitwa alisimama, akasema neno moja tu: "Alinishinda."

Kalundu wote wakalipuka. Prezida wa komite alipiga meza. "Nani amekulazimisha?"

"Hakuna, papa."

Akatoa kalamu, akaifungua liste mbele yake. Halafu, kwa kufuata utaratibu tu, akanigeukia. "Na weye, dada, uko na la kuongeza?"

Yeye alikuwa ameshakaa, mkono ule umelala juu ya magoti ndani ya blauzi, anaangalia ubao. Hakusema habari za mkono. Hakuniangalia hata kidogo. Laiti angeniangalia kwa hasira! Ningekasirika na mimi, ningenyamaza vizuri kabisa. Kocha akanigusa kwa kiwiko. "Sema hapana, twende."

"Aligonga mara tatu," nikasema. "Kwenye paja langu. Ya kwanza niliisikia. Alikuwa amenitoa damu puani na watu walikuwa wananicheka, nikaona bado sijamaliza. Nikauvuta mkono wake mpaka ya tatu."

"Yesu wangu," kocha akasema.

Prezida aliweka kalamu chini. "Unajua unachosema? Anayeendelea kuvuta ushindi wake unafutwa."

"Ninajua, papa."

Akaomba kuuona mkono. Dada alikunja blauzi polepole, akaunyoosha ulipoishia.

Liste mpya ilibandikwa juma lililofuata. Yeye amebaki juu, na neno "majeruhi" pembeni ya jina lake. Bukavu alikwenda binti wa Bijombo aliyekuwa namba tatu. Mimi niko chini kabisa, na kocha bado ananisalimia kwa shingo upande.

Hapa sokoni ninapouza ndagala, watu ambao siku ile hawakuwapo bado wananionea huruma. "Dada, wale ba Bukavu walikuibia mchana kweupe!" Zamani aliyesema hivyo ningemwongezea ndagala.

"Hawakuniibia," ninawajibu. "Ya kwanza niliisikia."